Huduma ya afya ya akili katika shule ya kata: jinsi ya kuianzisha na kuipanua pasipo na fedha nyingi

Shule ninayoizungumzia unaijua hata kama hujafika. Ina wanafunzi elfu moja na mia mbili hivi. Mwalimu wa malezi ndiye huyo huyo wa Kiswahili na wa zamu ya Jumanne, na ofisi ya unasihi ni stoo ya mafagio na viti vilivyovunjika. Mtoto akiingia humo analia, anapewa dakika tano na sentensi moja: "Wewe soma kwa bidii, haya mambo yatapita." Nimekuwa mwalimu huyo kwa miaka sita, na sentensi hiyo nimeitamka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa shule kama hiyo ni watoto 170. Mwalimu akimsikiliza kila mmoja nusu saa, mara moja tu, zinakwenda saa 85, yaani zaidi ya wiki mbili za kazi bila kushika chaki. Kwa hiyo sahau wazo la kumwongezea mwalimu mmoja jukumu. Mwongozo huu ni wa mkuu wa shule, mwalimu wa malezi, mjumbe wa bodi au mtu wa kikundi cha kijamii anayetaka kuanza na shule moja kisha aifikie kata nzima. Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania, ila Mkenya atajiona humu mara nyingi.

HATUA YA 1: Tembea njia ya rufaa kwa miguu yako

Kabla hujamwambia mwanafunzi yeyote kwamba kuna huduma, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ukamwone mganga mfawidhi. Usipige simu, nenda. Muulize: hapa nani amesomea afya ya akili? Anapatikana siku gani? Akiwa hayupo nani anashika nafasi yake? Dawa za sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na za kifafa zipo dirishani, au mgonjwa huandikiwa akanunue? Kifafa nimekitaja kwa makusudi. Katika vituo vyetu vingi, kliniki ya afya ya akili ndiyo inayohudumia pia wenye kifafa, na kila shule kubwa ina mtoto mmoja au wawili wanaoanguka darasani huku wenzao wakinong'ona kwamba wana mashetani. Njia utakayoifungua kwa ajili ya wenye sonona itawafaa na hao.

Ukitoka hapo mwone afisa ustawi wa jamii, kisha Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Uliza kama hospitali ya wilaya au ya mkoa ina kituo cha mkono kwa mkono, ambako mtoto aliyefanyiwa ukatili hukutana na daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja badala ya kuzungushwa mjini na fomu mkononi. Kata nyingi zina pia kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto iliyoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Muulize mtendaji wa kata kama kamati yake iko hai au iko kwenye faili. Namna atakavyokohoa kabla ya kujibu itakupa jibu.

Majina na namba zote ziandikwe kwenye karatasi moja. Chini kabisa iandikwe 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Namba hiyo hutumika Tanzania na Kenya pia.

Sisi mwaka wa kwanza tuliruka hatua hii. Tulitangaza huduma mstarini siku ya Jumatatu. Kufika Alhamisi tulikuwa na binti wa kidato cha pili aliyehitaji kuonana na daktari siku hiyo hiyo. Kituo cha afya tulichokiandika kwenye mpango wetu kilikuwa na muuguzi mmoja tu aliyefundishwa kazi hiyo, naye alikuwa likizo ya uzazi. Tulizunguka na yule binti kwenye bajaji mpaka saa moja jioni, na kila mlango tuliogonga ilibidi aeleze upya kilichomsibu. Sijawahi kumwomba mtoto msamaha kwa dhati kama jioni ile.

HATUA YA 2: Tafuta maneno ambayo mzazi hatayakimbia

Neno "akili" limebebeshwa mzigo mzito kwetu. Mzazi akisikia "afya ya akili" anasikia Mirembe, hospitali ile ya Dodoma ambayo jina lake watu wamelifanya tusi la mtaani. Ukianza mkutano wa wazazi kwa maneno hayo, nusu watakunja mikono, na mama mmoja atasema kwa sauti kwamba mwanawe hana ukichaa.

Lakini mama huyo anajua vizuri maana ya kuwa na mawazo. "Ana mawazo," tunasema, na kila mtu anaelewa: halali, hali, anakaa peke yake, anajibu kwa kuchelewa. Zimbabwe wana neno la Kishona linalokaribiana na hilo, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alipoanza kazi yake Harare mwaka 2006 na akina bibi wa mtaani, benchi aliloliweka kwa ajili ya mazungumzo alikuwa amelipa jina la afya ya akili. Akina bibi wakamwambia hakuna atakayekuja kulikalia. Likaitwa benchi la urafiki, na watu wakaja.

Kwa hiyo mkutanoni sema hivi, au jambo la namna hii: "Ndugu wazazi, baadhi ya watoto wetu wana mawazo makubwa kuliko umri wao. Yanawanyima usingizi, yanawanyima chakula, darasani wapo lakini hawapo. Tumepata watu waliofundishwa kuwasikiliza. Hakuna sindano, hakuna dini mpya, na hakuna atakayeandikwa kwamba ni kichaa. Mtoto akihitaji hospitali, mzazi utaitwa kwanza."

Atainuka mzee mmoja nyuma kule na kuuliza: je, mtoto akieleza mambo ya ndani ya nyumba yangu? Usimkwepe. Mwambie kwamba ugomvi wa mke na mume hauandikwi popote, lakini mtoto akisema anaumizwa, shule haiwezi kunyamaza, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua jambo hilo atoe taarifa. Ukimficha leo, siku ya kwanza mtakapotoa taarifa atasema mlimdanganya, na mkutano mzima utakuwa upande wake.

Shehe na mchungaji waalike kabla ya mkutano, siyo baada. Usishindane na dua wala maombi. Ninachowaomba mimi ni kitu kimoja: mtoto akiletwa kwenu mara ya pili kwa tatizo lile lile, mtuletee na sisi. Wengi wamekubali. Mmoja alianza kutuletea watoto ambao hata hawakuwa wa shule yetu.

HATUA YA 3: Sikio na fimbo visikae mkono mmoja

Hapa ndipo mipango mingi hufia, nami nitakaa hapa kidogo.

Njia rahisi, na ndiyo inayopendwa na wafadhili, ni kuwakusanya walimu wote ukumbini kwa siku mbili, kuwafundisha unasihi, kuwapa vyeti na posho, kisha kuandika ripoti kwamba walimu 40 wamejengewa uwezo. Jumatatu inayofuata mwalimu huyo yuko getini na fimbo anawasubiri waliochelewa. Kanuni zinasema adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye, na isizidi viboko vinne. Sote tunajua jinsi kanuni hiyo inavyosomwa. Sasa mtoto aliyechapwa saa moja na nusu asubuhi, saa sita atakwenda kumweleza mwalimu huyo kwamba amechelewa kwa sababu baba alikuwa anampiga mama usiku kucha?

Jambo hili limepimwa. Katika jimbo la Bihar nchini India, watafiti waligawa shule za sekondari 74 katika makundi matatu. Kwenye kundi moja programu ya afya iliendeshwa na mshauri wa kawaida aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, asiye mwalimu wala daktari. Kwenye kundi la pili programu hiyo hiyo iliendeshwa na mwalimu wa shule. Kundi la tatu liliachwa liendelee na utaratibu wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: shule zenye mshauri zilibadilika, uonevu ukapungua na dalili za sonona zikapungua. Shule zilizomtumia mwalimu hazikutofautiana na zile ambazo hazikufanya lolote. Sidhani kwamba walimu wa Bihar ni wabaya. Nadhani walikuwa walimu, wenye kazi za walimu na macho ya walimu.

Majirani zetu Kenya wana mfano mwingine. Shirika la Shamiri (ndiyo, kutoka kushamiri) huwatumia vijana waliomaliza sekondari si muda mrefu kuendesha vikao vinne vya saa moja kwa makundi madogo ya wanafunzi. Utafiti uliowahusisha wanafunzi 413, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea, na nafuu hiyo ilikuwepo bado miezi saba baadaye.

Kwetu huyo kijana tutampata wapi? Waliomaliza kidato cha sita wanakwenda JKT kisha chuo, kwa hiyo unawapata na kuwapoteza ndani ya mwaka huo huo. Mimi nimefaulu zaidi na wa aina tatu: wanafunzi wa vyuo vya ustawi wa jamii wanaotafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoishi kata hiyo hiyo, na akina mama wastaafu ambao mtaani tayari watu huwapelekea shida zao. Kwa shule ya watu 1,200 tafuta wasikilizaji sita wa namna hiyo, nusu wanawake na nusu wanaume.

Usaili usiwe wa vyeti. Msimulie mwombaji kisa: binti wa miaka 15 ameacha kuongea na wenzake tangu mama yake aende Oman kufanya kazi za ndani, na sasa anasema shule haina maana. Kisha nyamaza. Anayeanza na "ningemwambia kwamba" mshukuru, mpe chai, mwache aende. Anayeuliza "sasa hivi anakaa na nani?" muandike.

Na kwa kuwa unawaingiza watu wazima katikati ya watoto, kuwa mkali. Barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili ambao wewe mwenyewe umeongea nao, na sharti moja lisilo na mjadala: mazungumzo yote hufanyika mahali ambapo watu wanawaona ila hawawasikii. Chini ya mwembe panafaa kuliko ofisi yenye mlango wa kufunga. Hakuna kubadilishana namba za simu na mwanafunzi, hakuna kumpa nauli mkononi, hakuna kumsindikiza nyumbani peke yako. Anayevunja mara moja haonywi mara ya pili.

HATUA YA 4: Siku tano za mafunzo, na siku nzima kwa ajili ya swali moja

Siku tatu za kwanza ni kusikiliza tu. Wakae wawili wawili, mmoja aeleze shida ya kweli aliyonayo, mwingine asikilize dakika kumi bila kushauri. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Mtu mzima wa Kiswahili amelelewa kutoa nasaha. Siku ya nne ni ukatili na rufaa, na ile karatasi ya Hatua ya 1 inasomwa kwa sauti.

Siku ya tano ni ya swali ambalo kila mtu analiogopa. Wasikilizaji wengi huamini kwamba ukimuuliza mtoto kuhusu kujiua unampandikizia wazo. Sivyo. Kuuliza kwa utulivu hakuongezi hatari, na mara nyingi mtoto anatua mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Wafanye mazoezi ya kulitamka mpaka ulimi uzoee. Anza na: "Kuna wakati unawaza kwamba bora usingekuwepo?" Akikubali, usirudi nyuma: "Umewahi kufikiria kujiua? Umefikiria utafanyaje, lini?" Akiwa na mpango, haachwi peke yake hata kwenda chooni, msimamizi wa wasikilizaji (nitamweleza Hatua ya 9) anapigiwa simu, mzazi au mlezi anayeaminika anaitwa, na wanakwenda hospitali siku hiyo. Nyumbani familia inaelekezwa kufungia au kuondoa dawa za hospitali, sumu za shambani na kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho, na alale chumba kimoja na mtu. Mengine yatasubiri.

Ujue pia kwa nini familia huficha. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Mzazi anayeogopa polisi atasema mtoto ameugua tumbo. Usimbishie mlangoni, mpeleke mtoto kwa daktari kwanza, ukweli wote daktari ataupata kwako.

Kuhusu madodoso: liko dodoso la maswali tisa, PHQ-9, lenye tafsiri ya Kiswahili, linalotoa alama kuanzia 0 hadi 27. Kwa kawaida alama 10 na kuendelea humaanisha mtu huyo aangaliwe kwa karibu zaidi. Haimaanishi kwamba umeshajua anaumwa nini. Ni chombo kizuri. Ila usikigawe kwa darasa zima siku ya Ijumaa mchana ukaondoka na karatasi kwenda kujaza kompyuta. Swali la tisa linauliza kuhusu kujidhuru. Mtoto aliyejibu chochote kilicho juu ya sifuri hapo amekuambia jambo kubwa, nawe una deni la kumwona siku hiyo hiyo. Huna watu wa kulipa deni hilo? Basi usipime.

HATUA YA 5: Vikao vinne vya kundi

Kundi liwe la wanafunzi kumi, wa rika moja, wasichana peke yao na wavulana peke yao, kila wiki saa moja, wiki nne. Liite klabu ya stadi za maisha au jina lolote watakalochagua. Usiliite kundi la wenye matatizo. Wengine huja kwa hiari, wengine walimu huwapendekeza, na mnawachanganya ili asijulikane nani ni nani.

Kikao cha kwanza ni kufahamiana, sheria za kundi, na kueleza mawazo yanakaa wapi mwilini: kichwani, tumboni, kifuani. Watoto wetu huanzia mwilini. "Kichwa kinauma" ndiyo sentensi ya kwanza ya hadithi ndefu. Cha pili ni kuhusu hali kubadilika: kila mmoja anasimulia jambo aliloshindwa zamani na sasa analiweza, kuendesha baiskeli, kusonga ugali, hesabu za sehemu. Cha tatu, watu waliomtendea wema na namna ya kuwashukuru. Hapo andaa leso. Cha nne, mambo ambayo kila mmoja anayathamini na hatua moja ndogo ya wiki ijayo. Mada hizi zinafuatana na zile za vijana wa Kenya niliowataja, tumezikata na kuzishona upya kwa umbo letu.

Ratiba ni vita. Usichukue kipindi cha Hisabati, mwalimu atakuchukia na atakuwa na haki. Usiweke baada ya masomo, kwa sababu wasichana wanaotembea kilomita tano watafika nyumbani giza, na makondakta wa daladala jioni hawataki wanafunzi. Tumia kipindi cha michezo au cha klabu. Shule ya zamu mbili, tumia ile saa ya katikati, wa asubuhi wakitoka na wa mchana wakiingia.

Hesabu yake ni hii. Muhula ukiondoa wiki za kufungua na za mitihani hubaki na wiki 12 za kufanya kazi, yaani mizunguko mitatu. Wasikilizaji sita, makundi ya watoto kumi, mara tatu: watoto 180 kwa muhula. Linganisha na wale 170 wa mwanzo.

HATUA YA 6: Siri, daftari na kufuli

Katika kila kundi watajitokeza wawili au watatu wanaohitaji kuongea peke yao. Mazungumzo ya kwanza yaanze kwa mipaka, kabla mtoto hajafungua mdomo: "Utakayoniambia yatabaki kwangu, isipokuwa matatu: kama unataka kujiua, kama kuna mtu anakuumiza, au kama kuna mtu unataka kumuumiza. Hayo nitamwambia mtu wa kutusaidia, na nitakuambia wewe kwanza ni nani." Wapo watakaonyamaza wakisikia hivyo. Wengi wao hurudi wiki inayofuata.

Daftari liwe na namba badala ya majina. Orodha ya majina na namba ikae kwa msimamizi, kwenye kabati yenye kufuli, na ufunguo usiwe kwa mkuu wa shule. Najua maneno hayo yatawaudhi wakuu wa shule. Mkuu apewe idadi kila mwezi: wangapi wamesikilizwa, wangapi wamepewa rufaa, wangapi wamefika. Majina apewe pale tu usalama wa mtoto unapomhitaji yeye. Na katika ofisi ya walimu, yeyote atakayesema "yule binti wenu wa ushauri" mbele ya wenzake aonywe siku hiyo hiyo.

Mtoto akisema amefanyiwa ukatili wa kingono, msikilizaji hachunguzi. Anasikiliza alichoambiwa, anaandika maneno ya mtoto yalivyo, na mtoto anafikishwa kituo cha mkono kwa mkono au hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto haraka, ndani ya saa 72 tangu tukio, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya hapo hazina faida. Familia ikitaka kuyamaliza kimya kimya kwa mbuzi wawili, wewe huna sauti katika kikao hicho; afisa ustawi wa jamii ndiye mwenye nayo. Mwite.

HATUA YA 7: Wakianguka kwa pamoja

Si kila shule itaihitaji hatua hii, ila itakayoihitaji itaihitaji ghafla. Mnamo Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Kabla ya shule kufungwa Machi 18, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na kicheko kilihamia vijijini pamoja na waliorudishwa nyumbani. Hakikupatikana kirusi wala sumu. Ni mabinti waliokuwa wamebanwa, na miili yao ikasema kile ambacho midomo haikuruhusiwa.

Leo wengi hawacheki, wanaanguka na kupiga mayowe, mara nyingi karibu na mitihani. Watenganishe kimya kimya, kila aliyeanguka na mtu mzima mmoja mtulivu, kivulini, apewe maji, watazamaji waondolewe. Mwite mhudumu wa afya ahakikishe hakuna homa, malaria au njaa. Usiite kamera, na usikubali shule nzima ikusanywe uwanjani kukemea mapepo siku hiyo. Mkusanyiko wenyewe huwaangusha wengine. Baada ya wiki moja, kundi kwa kundi, uliza kinachowabana. Utashangaa jinsi majibu yalivyo ya kawaida: matron anayetukana, choo kisicho na mlango, mtihani wa majaribio kila Jumamosi.

HATUA YA 8: Uji, na walimu wenyewe

Msikilizaji haongezi sukari mwilini. Kuna watoto tuliowaona wakikosa umakini, wakilia ovyo, wakisinzia, na tiba yao ilikuwa kikombe cha uji saa nne. Kama wazazi wamekubaliana kuchanga mahindi, orodha ya wasioweza kuchanga ishughulikiwe na kamati kimya kimya. Mtoto anayetazama wenzake wakinywa kwa sababu kwao hawajatoa debe moja umemwongezea ugonjwa.

Walimu hawajasahauliwa. Kazi yao ni kupunguza madhara na kutambua mapema. Uganda, katika wilaya ya Luwero, programu ya kujenga shule isiyo na ukatili ilijaribiwa katika shule za msingi 42, na matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba ukatili wa kimwili wa walimu ulipungua kwa asilimia 42. Yaani inawezekana kwa walimu wetu hawa hawa, wenye madarasa ya watu themanini. Ila anza kwa kuwasikiliza wao. Mwalimu anayedai malimbikizo ya mshahara, anayeishi chumba kimoja na watoto wanne, ukimfundisha "huruma kwa mwanafunzi" bila kumuuliza habari zake atakusikiliza kwa adabu na kuendelea na fimbo. Tenga saa moja kwa mwezi, chai na mihogo, msikilizaji wa nje, bila mkuu wa shule.

HATUA YA 9: Kuipeleka shule ya pili

Usiende shule ya pili kabla ya mihula miwili, na usichague iliyo mbali yenye mfadhili. Chagua ya kata hiyo hiyo, inayotumia zahanati hiyo hiyo. Ile njia ya rufaa ndiyo mali yako kubwa, nayo haisafiri.

Kinachokwamisha upanuzi ni usimamizi. Kila wasikilizaji sita hadi wanane wanahitaji msimamizi mwenye taaluma: muuguzi wa afya ya akili, afisa ustawi wa jamii, au mwanasaikolojia. Akutane nao kila wiki, saa moja na nusu, ana kwa ana, na awe na simu inayopokelewa usiku. Bila kikao hicho wasikilizaji huanza kushauri, kisha kuhubiri, kisha kuacha. Msimamizi mmoja anaweza kubeba shule mbili, tatu kwa taabu. Ukitaka ya nne, tafuta msimamizi wa pili kwanza.

Fedha: ruzuku ya elimu bila ada ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, na ina wadai wengi. Usiitegemee. Unachohitaji ni nauli na posho ya wasikilizaji, vocha za simu, daftari, kabati na kufuli, na akiba ya nauli ya dharura ambayo hakuna anayeruhusiwa kuikopa. Hiyo akiba ndiyo ya mwisho kukatwa bajeti ikipungua. Halmashauri ikishaona idadi za mihula miwili, omba iingize posho ya msimamizi kwenye mpango wake. Maombi hayo yafike mapema, kabla vikao vya bajeti havijaanza, siyo Juni.

Katika ripoti yako pima mambo mawili kuliko yote: wangapi walirudi mara ya pili, na kati ya waliopewa rufaa wangapi walifika walikopelekwa. Idadi ya waliofundishwa na ya mabango iandike mwisho kabisa, kama itabaki nafasi.

Halafu chukua kalenda. Likizo ya Desemba watoto hawapo shuleni na wasikilizaji hawawaoni. Wale walio kwenye hatari wapewe siku ya kupigiwa simu kupitia mlezi aliyekubali. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, kwa kawaida bila kutangaza siku mapema, na waliofeli si wanafunzi wako tena kwa karatasi. Wasikilizaji wawili wawe zamu wiki hizo zote, simu ina chaji, na ile karatasi ya namba iko mfukoni.